Saa Kumi na Nne Pembeni ya Mama Mkwe

Nianze na ujinga wangu, ili atakayecheka acheke mapema tuendelee. Nilikaa kwenye kiti cha ndege saa kumi na nne bila kuinuka hata mara moja, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa amelala kiti cha pembeni na miguu yake ilikuwa njiani. Sikufungwa. Hakuna aliyenizuia. Mkanda wa kiti ulikuwa na kifungo ambacho mtoto wa chekechea angekifungua. Nilikaa tu, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, mwenye cheti cha kidato cha nne, nusura nife kwa adabu.

Ninaandika kwa ajili ya wenye safari ndefu mbele yao, na kwa yule ambaye mguu mmoja umeshavimba na kila mtu anamwambia ni uchovu. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani wa Bombambili, hapa Songea, na ni mtu wa nyumbani hasa. Mke wangu Gaudensia husema nikitumwa Madaba tu naaga watoto kama nakwenda vitani. Cherehani yangu iko barazani, kitanda kiko hatua kumi na mbili kutoka hapo, na sijawahi kuona sababu ya kutafuta kitu cha tatu.

Ilikuwaje basi nikafika Kanada? Kaka yake Gaudensia, shemeji yangu Fidelis, anaishi huko mwaka wa tisa sasa. Hajarudi kwa sababu ya makaratasi, na hajaoa kwa sababu anazozijua mwenyewe. Hilo la pili ndilo lililokuwa likimnyima mama yake usingizi. Fidelis alipomwalika mama kwa wiki sita, alitaka aje na mtu, maana mama hajui Kiingereza na ndege alikuwa anaziona juu tu, zikipita. Gaudensia ni mwalimu wa darasa la mtihani, asingepata ruhusa.

"Atakwenda Baba Neema," akasema.

"Nani?" nikauliza, kana kwamba nyumbani pana Baba Neema wawili.

Hapa niwaeleze wasomaji wa mbali jambo moja. Mama mkwe wangu ni mtu wa kijiji, upande wa Madaba, na kwao mkwe ni mkwe. Nimemwoa binti yake miaka kumi na mitatu, na kwa miaka hiyo yote sijawahi kukaa naye benchi moja. Nikimkuta njiani nampisha, nachuchumaa, nasema shikamoo nikitazama majani. Akija kwetu, chakula changu naletewa barazani, kwa sababu mkwe hatafuni mbele ya mkwe. Kumwambia kwamba nataka kwenda chooni? Bora nimwambie nimeiba mbuzi wake. Na kuruka miguu ya mama mkwe, yaani kuinua mguu wangu ukapita juu ya wake, hilo sikuwahi hata kulifikiria, kama ambavyo mtu hafikirii kupanda juu ya altare.

Fidelis, kwa wema wake, alitukatia viti vilivyoungana. "Ili msipoteane," alisema kwenye simu.

Kutoka Dar hadi nchi za Ghuba tuliokoka, maana viti vilichanganywa uwanjani, na kati yetu akakaa kijana mmoja mnene aliyefanya kazi ya ukuta. Ndege ya pili ndiyo ile ndefu. Upande wetu viti vilikuwa viwili viwili. Mama alikataa dirisha, akasema hataki kuona aliko. Akakaa njiani, mimi nikaingia dirishani, na chini ya miguu yangu tukaweka begi lake la mkononi lililojaa dagaa wa Nyasa waliofungwa vizuri, maana hakuwaamini wale wa mizigo. Kwa hiyo magoti yangu yalikuwa juu, karibu na kidevu, na bega nimelibandika ukutani lisiguse bega lake. Kilipoletwa chakula niligeukia dirisha nikameza mkate bila kuutafuna sawasawa, kama mtu anayekula kwa siri wakati wa Kwaresima. Mama akajifunika kanga kichwani, akanyoosha miguu, akalala.

Saa ya tatu nilianza kusikia haja. Saa ya tano nikakataa maji. Yule dada wa ndege alikuja na gilasi mara nne, nami mara nne nikatikisa kichwa, nikijiona mjanja sana. Nilikuwa nikiwaza kwamba kwenye basi la Dar mambo haya yalishamalizwa zamani. Konda anatangaza kuchimba dawa, wanaume kushoto, wanawake kulia, wakwe na mama wakwe wote wanashuka, na hakuna anayemwona mwenzake kwa sababu hakuna anayetazama. Ndani ya ndege hakuna konda. Kila mtu anajitangazia mwenyewe, nami nilikuwa sina ubavu huo. Nikafumba macho nikajifanya nimelala.

Tuliposhuka, kiatu cha kushoto kilinibana. Nikadhani ni kiatu.

Siku ya pili kigimbi cha mguu wa kushoto kilikuwa kinauma kama nimepigwa teke. Siku ya tatu ngozi iling'aa, ikawa na joto. Nikafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu angefanya: nikajifungia chumbani na kichupa cha dawa ya kuchua, nikauchua ule mguu kwa bidii, kutoka kifundo hadi gotini, asubuhi na jioni. Baadaye daktari aliposikia hilo alifumba macho kidogo. Kwa hiyo ukichukua neno moja tu kutoka kwangu, chukua hili: mguu mmoja ukivimba ukapata joto baada ya safari, usiuchue. Nenda hospitali ukaonwe, hata kama utaambiwa si kitu.

Sikumwambia mtu. Fidelis alikuwa akiondoka kazini alfajiri, na nyumbani nilibaki na mama, ambaye alikuwa mtu wa mwisho duniani ningeweza kumwonyesha mguu. Nilivaa suruali pana, nikasema nimechoka.

Siku ya nne, yapata saa nne asubuhi, nilikwenda jikoni kuchukua maji. Ni hatua chache tu. Nilipofika kwenye sinki, kichomi kilinipiga ubavuni kama sindano ya magunia, pumzi ikakatika nusu. Nikavuta tena, ikaja nusu. Nikakaa chini, halafu nikalala chini. Nakumbuka sakafu ilikuwa safi sana, na niliwaza kwamba nitafia mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayejua jina la baba yangu.

Mama alikuja mlangoni akasimama.

"Mkwe?"

Sikuweza kujibu.

"Mkwe, usinifanyie hivyo."

Akaja akakaa sakafuni. Akachukua kichwa changu akakiweka mapajani mwake. Akafungua vifungo vya shati, kisha akafungua mkanda wa suruali yangu. Mkanda wangu, ndugu msomaji, ulifunguliwa na mama mkwe wangu, na mimi nikiwa na akili zangu zote. Hakujua namba za kuita msaada. Hakujua hata kupiga simu ya kawaida. Alichojua kwenye simu yake ni kitufe kimoja tu, kile cha kubonyeza ukaongea kwenye kundi la familia, maana ndiko alikokuwa akimsalimia Fidelis kila Jumapili. Akakibonyeza. Ujumbe ule ninao mpaka leo:

"Gaudensia. Fidelis. Yeyote. Mkwe amelala chini jikoni, anahema kama mbuzi. Mimi sijui watu wa huku wanaitwaje. Nimemfungua mkanda, Mungu anisamehe."

Songea ilikuwa jioni, Gaudensia anachambua maharage. Mjomba wake mmoja aliusikia nusu, akadhani ni sala, akaandika "Amina." Gaudensia aliusikia wote. Akampigia Fidelis kazini, Fidelis akaita gari la wagonjwa, na kabla mama hajamaliza rozari watu wawili wakubwa wa miraba minne walikuwa mlangoni na kitanda cha magurudumu. Yaani taarifa ilitoka jikoni Kanada, ikaenda Bombambili, ikarudi Kanada, nami nikapona kwa njia hiyo. Mama aliingia ndani ya gari nami akiwa na kandambili za bafuni, na hakuna aliyethubutu kumshusha.

Hospitalini waliniingiza ndani haraka, yeye wakamwacha chumba cha kusubiri. Alinisimulia baadaye kwamba alipoingia aliwasalimia wote, mmoja mmoja, na hakuna aliyeitikia, akadhani labda wote ni bubu na hospitali ile ni yao. Kisha bibi mmoja mwenye bandeji ngumu ya plasta mkononi alisogea akakaa karibu naye, akampa pipi ya mnanaa. Mama hakuwa anapenda mnanaa. Aliitafuna yote. "Mtu kanipa, nitafanyaje," alisema. Walikaa hivyo bila neno, saa nyingi, hadi Fidelis alipofika na koti lake la kazi linalong'aa.

Mimi huko ndani nilipakwa mafuta ya baridi mguuni, nikapitishwa kwenye mashine mfano wa tanuri la mkate, nikachomwa sindano ya tumbo. Wakaniambia, kwa mdomo wa Fidelis, maana Kiingereza changu cha kidato cha nne kiliishia uwanja wa ndege, kwamba damu iliganda mguuni na vipande vimepanda kwenye mapafu, na kwamba nimechelewa lakini sijachelewa sana. Nesi akaja na fomu.

"Anauliza uliinuka mara ngapi kwenye ndege," Fidelis akasema.

"Mwambie mara chache."

"Shemeji. Ngapi?"

"Hakuna."

Fidelis akamwambia. Nesi akauliza tena.

"Anauliza kwa nini. Ulikuwa unaumwa? Uliogopa?"

Nikatazama dari. "Mwambie mama alikuwa amelala."

Hakutafsiri. Alinigeukia taratibu. "Unasema kweli, shemeji?"

"Miguu yake ilikuwa njiani."

Basi Fidelis akaanza kumweleza nesi habari za mkwe. Alieleza kwa mikono, alieleza muda mrefu, hata akachuchumaa kidogo kumwonyesha. Nesi alisikiliza kwa heshima zote, kisha akaandika neno moja au mawili.

"Ameandika nini?" nikauliza.

"Ameandika: hakuinuka."

Siku ya tatu ya sindano Fidelis alimgombeza mama yake mbele yangu. Sijawahi kuona mtoto wa kwao akifanya hivyo, na natamani nisingeona. "Mama, mambo ya mkwe kwenye ndege ya nini? Mtu amekaa kama mzigo, na wewe umenyoosha miguu umelala! Angekufa ningemwambia nini Gaudensia?"

Mama alijifunga kanga upya. Kisha akasema, akitazama dirisha: "Sikulala."

"Nini?"

"Nilikuwa macho. Nilijua kijana wa watu atataka kwenda. Nikasema nikifumba macho hataona haya, atapita zake. Nikangoja apite. Nikaona naye amelala."

"Sikulala, Mama," nikasema kutoka kitandani.

Fidelis akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Na wewe, Mama, ulikwenda chooni?"

"Ningeinukaje mkwe anaona ninakokwenda?"

Fidelis alitoka nje. Nilidhani amekasirika, hadi nesi alipoingia akauliza kwa ishara kama yule bwana kwenye korido analia au anacheka. Kucheka kuliniuma ubavu, kwa hiyo nilijizuia.

Niliruhusiwa baada ya siku sita. Wasomaji wengi wanaogopa hospitali, lakini mimi nasema hospitali ndiyo sehemu nyepesi, unalala na wengine wanajua la kufanya. Kazi ni nyumbani. Sindano za tumbo ziliniachia madoa meusi kama mtu aliyepigwa na mpira wa ngozi. Baadaye zikaja tembe za kuzuia damu isigande, moja asubuhi moja jioni, na fizi zikawa zinatoa damu nikipiga mswaki. Ngazi kumi na nane za nyumba ya Fidelis nilizipanda kwa awamu tatu, nikipumzika kila awamu kama mzee wa kanisa. Mguu wa kushoto ulikuwa na unene wake, wa kulia na wake. Ikabidi nifumue mshono wa suruali, mguu mmoja tu, niongeze kipande. Na hapo ndipo fundi wa miaka ishirini nikajidunga sindano kidoleni, damu ikakataa kukata, nikakaa robo saa nimeshika kidole juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Fidelis akaninyang'anya sindano na uzi.

Kulikuwa na soksi. Ni soksi ndefu ya kubana, inafika gotini, na imeshonwa na mtu asiyewapenda binadamu. Peke yako huivai. Inahitaji mtu wa kuivuta na mtu wa kuvumilia, tena ivaliwe asubuhi kabla mguu haujajaa. Asubuhi Fidelis alikuwa ameshaondoka. Siku ya kwanza nilihangaika nayo hadi nikatoka jasho, ikaishia kifundoni.

Mama alisimama nje ya mlango. "Mkwe, imepanda?"

"Inapanda, Mama."

"Muongo."

Akaingia, akapiga magoti, akaushika mguu. Mimi nikatazama ukuta wa kulia, yeye akatazama wa kushoto. Ili tusiongee, akaanza Salamu Maria kwa sauti. Akavuta, akasali, akavuta. Soksi ilifika gotini katika Salamu Maria ya tatu. Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila asubuhi. Siku zenye joto, ngozi ikiwa na unyevu, ilifika hata saba. Kuna siku alisali moja na nusu tu, soksi ikakaa, akainuka anacheka peke yake akitoka, nami nikacheka nikiwa nimebaki na ukuta wangu.

Wiki sita zikaisha. Daktari akasema sitapanda ndege mpaka aone mapafu tena. Tiketi ya mama ilikuwa imefika siku yake. Fidelis akamwambia atamtafutia mtu wa kwenda naye hadi Dar. Mama akasema: "Nilimchukua mtu mzima mikononi mwa binti yangu. Nikirudi mikono mitupu nimwambie nini, kwamba nimemwona Fidelis ana afya?" Akabaki. Kwa hiyo na Fidelis naye akabaki na mama yake ndani ya nyumba, mwezi juu ya mwezi, akiulizwa kila siku lini ataoa. Naamini hapakuwa na mtu aliyeniombea kupona kwa bidii kuliko shemeji yangu.

Lakini nisifanye mzaha mno. Ile miezi ilikuwa mirefu. Tuliondoka Songea wakati wa baridi, mahindi yanavunwa. Huko ilikuwa joto, kisha majani ya miti yakageuka rangi, kisha yakadondoka yote kwa wiki mbili. Neema wangu alipata kipaimara mimi nikiwa kwenye kochi la watu. Gauni lake jeupe nilikuwa nimelikata kabla ya safari, nikamwahidi nitalishona mwenyewe nikirudi. Lilimaliziwa na fundi wa barabara ya pili. Gaudensia alinitumia picha, nami nikaikuza nikaona upindo umepanda upande mmoja, nikaweka simu chini nikalia. Si kwa ajili ya upindo.

Na Gaudensia alikuwa amechoka. Alikuwa na darasa, watoto na mume wa kwenye simu. Daktari aliporuhusu safari, nilimwambia sipandi. Nilimwambia kweli kabisa: kifua kinanibana nikiona ndege kwenye televisheni, nitapanda nikafie juu.

"Basi kaa huko," akasema. "Oa Mkanada. Mama atakusimamia ndoa, maana yuko tayari kwa ndoa yoyote."

"Gaudensia, naogopa."

Nikasikia akifunga mlango wa chumba. "Najua. Mimi naogopa tangu ile sauti ya Mama. Sasa uogopee njiani ukija, siyo ukiwa umekaa."

Hivyo tukapanda, Novemba. Safari hii mimi nilikaa njiani, mama dirishani. Nilivaa soksi. Nilikunywa maji kila yalipopita. Mama aliwekewa kengele na Fidelis kwenye simu yake, ilie kila baada ya saa moja, na ikilia alinigonga bega kwa kidole, akasema kwa sauti ya shambani: "Mkwe, muda!" Abiria wa mbele waligeuka, wa nyuma wakaamka. Nami nikainuka, nikaenda hadi mkiani mwa ndege, nikasimama nikipanda na kushuka kwa vidole vya miguu, nikarudi. Mara ya tatu yule dada wa ndege aliniuliza kama nimepoteza kitu. Mara ya tano mama mwenyewe alisema, "Nipishe na mimi," akapita mbele yangu kwenda alikokuwa anakwenda, kichwa juu, kama anakwenda kutoa sadaka.

Saa ya tisa kifua kilibana. Kichomi hakikuwepo, lakini pumzi ikawa fupi, viganja vikalowa. Nikasema ndiyo hii, imerudi. Nilimgeukia mama. Alinitazama usoni, mara ya kwanza nadhani tangu nimwoe binti yake. "Hema," akasema. "Na mimi nahema. Haya." Tukahema pamoja kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Baada ya dakika kadhaa pumzi ikashuka hadi chini, nikajua ilikuwa hofu tu. Wewe unayesoma na umeshaugua hili, hofu hiyo itakuja. Haiui, ila hutaijua tofauti yake mara moja. Waambie watu wa ndege mapema kwamba uliugua, mimi niliona haya kuwaambia, na hilo nalo ni ujinga, wa pili.

Dar hadi Songea tuliigawa siku mbili, tukalala Makambako. Konda akitangaza kuchimba dawa nilikuwa wa kwanza kushuka, hata pale ambapo sikuwa na lolote la kuchimba.

Gaudensia alitupokea stendi. Hakunikumbatia kwanza. Aliinama akapandisha suruali yangu mbele za watu, akatazama mguu, akaishusha, ndipo akainuka. Mama mkwe alisimama kando, akamwambia: "Mtu wako huyo. Nimemaliza." Akaomba maji ya kunywa, akanywa kopo zima amesimama. Siku ya pili akapanda gari la Madaba.

Hospitali ya hapa kwetu si ya kimya kama ile. Unafika mapema, unapewa kikaratasi chenye namba, unakaa benchi, na benchi zima linataka kujua unaumwa nini. Nilipoeleza, mama mmoja wa mbele alisema hajawahi kusikia mtu akiugua kwa kukaa. Mzee wa pembeni yake akasema yeye amesikia, ila kwa wakubwa wa ofisini. Walinipima damu, wakanipimia mguu kwa utepe, wakaniambia niendelee na tembe. Nimeendelea hadi baada ya sikukuu, hadi mahindi yakachanua, ndipo daktari akasema basi. Mguu wa kushoto bado hujaa jioni. Cherehani nazungusha zaidi kwa mguu wa kulia, na kila saa nainuka, nazunguka nyumba, wateja wanadhani nakwepa kazi. Soksi sasa ananivalisha Gaudensia. Yeye hasali, ananisema.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye siku ya nne tangu nifike, maana hapo ndipo niliposadiki kwamba nimerudi. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku, mji mzima unanukia udongo, na kila nyumba mtu yuko mbioni na mbegu. Watu walikuwa wamekuja kunipa pole kwa maneno mazuri, Mungu ni mwema, umezaliwa upya, na mimi nilikuwa nimeanza kujiona mtu muhimu. Akapita Mama Zawadi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, jembe begani, viatu vimejaa tope. Hakuingia hata ndani ya uzio. Nikamsimulia kwa ufupi, nikafika pale kwenye sakafu, nikamwambia nusura nirudi ndani ya sanduku. Akanisikiliza hadi mwisho, akahamisha jembe bega la pili.

"Umefanya vizuri kupona, Osmund," akasema. "Maana ungeletwa umekufa wiki hii ya kupanda, mimi nakwambia kweli, nisingekuja kukuzika."